Bronisław Malinowski na Mikono Iliyonoa Kalamu Yake

Mwanafunzi wa Kiswahili hawezi kumaliza mwaka wake wa kwanza chuoni bila kukutana na dhana ya muktadha. Hufundishwa kwamba neno halina maana timilifu mpaka ifahamike limesemwa na nani, kwa nani, wapi na kwa kusudi gani. Dhana hiyo aghalabu hunasibishwa na J. R. Firth na M. A. K. Halliday, na si kosa. Lakini Firth mwenyewe aliipokea kutoka kwa mtu ambaye hakuwa mwanaisimu kwa taaluma wala Mwingereza kwa uzawa. Mtu huyo ni Bronisław Malinowski, Mpolandi aliyeandika vitabu vyake mashuhuri kwa Kiingereza, na ambaye baadaye aliketi meza moja na wanafunzi kutoka Uchina, Afrika Kusini, Nyuzilandi, Austria na Kenya, akiwaongoza kuandika kazi zao kwa lugha hiyo hiyo ya ugenini. Sifa za utafiti wake zimeimbwa sana katika vitabu vya anthropolojia. Kisichoimbwa sana ni jinsi kalamu yake ilivyonolewa na watu wengine, na jinsi naye alivyozinoa za wengine.

Malinowski alizaliwa tarehe 7 Aprili 1884 katika mji wa Kraków. Wakati huo Poland haikuwa na serikali yake. Ilikuwa imegawanywa na madola matatu jirani, na Kraków ilikuwa chini ya dola ya Austria na Hungaria. Kwa hiyo tangu utotoni Malinowski aliishi katika hali wanayoijua vyema Waafrika wengi: lugha ya nyumbani ilikuwa moja, ya mtawala ikawa nyingine. Baba yake, Lucjan Malinowski, alikuwa profesa wa lugha za Kislavoni katika Chuo Kikuu cha Jagiellonia, na utafiti wake ulihusu lahaja za Kipolandi za eneo la Silesia. Alifariki mwaka 1898, mwanawe akiwa kijana wa shule. Hata hivyo ingekuwa haraka kusema kwamba mtoto alirithi kazi ya baba, kwani aliyemlea kielimu hasa ni mama.

Kijana huyo aliugua maradhi ya macho. Kuna nyakati hakuweza kusoma kabisa, na mama yake, Józefa, ndiye aliyemsomea vitabu vya masomo kwa sauti hadi akafaulu mitihani. Msaidizi wake wa kwanza wa kitaaluma, basi, alikuwa sauti ya mama ndani ya chumba chenye giza. Pengine ndiyo sababu sentensi zake za baadaye zina mwendo wa kusemwa, kana kwamba zilikusudiwa masikio kabla ya macho. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba kilichomvuta kwenye anthropolojia ni kitabu cha James Frazer, The Golden Bough, alichokutana nacho katika siku hizo za kuugua.

Mwaka 1908 chuo cha Kraków kilimtunuku shahada ya uzamifu kwa heshima kuu iliyotolewa kwa jina la Mfalme wa Austria. Tasnifu yake ilihusu falsafa ya sayansi, nayo iliandikwa kwa Kipolandi. Kutoka hapo alikwenda Leipzig, Ujerumani, akasoma kwa Wilhelm Wundt na Karl Bücher. Mwaka 1910 akahamia London, akajiunga na Chuo cha Uchumi na Siasa, chini ya C. G. Seligman na Edward Westermarck. Alikuwa na umri wa miaka 26 tu na tayari alikuwa amepitia lugha tatu za usomi. Kitabu chake cha kwanza kwa Kiingereza, kuhusu familia miongoni mwa wenyeji wa Australia, kilitoka mwaka 1913.

Inafaa kutua hapa kidogo. Kipolandi, sawa na Kiswahili, hakina vibainishi vinavyolingana na vile vidogo vya Kiingereza ambavyo hutangulia nomino na kuonyesha kama kitu kinajulikana au hakijulikani. Mpolandi anayeandika Kiingereza hukutana na mtego ule ule anaokutana nao mwanafunzi wa Nairobi, Eldoret au Maseno: kila nomino inamdai uamuzi ambao lugha yake ya kwanza haikumfunza kuufanya. Mitego ya namna hiyo haihusiani kamwe na kina cha fikra. Mtu anaweza kuwa na hoja nzito kama nanga na bado akakosea kibainishi katika kila mstari. Ndiyo maana suala la nani anamsaidia msomi kuandika, na anamsaidia kwa kiasi gani, si suala dogo.

Mwaka 1914 Malinowski alisafiri hadi Australia pamoja na wanazuoni waliokuwa wakihudhuria mkutano wa chama cha sayansi cha Uingereza. Vita Vikuu vya Kwanza vikazuka akiwa njiani. Kwa kuwa alikuwa raia wa Austria, sheria ilimhesabu kuwa adui. Hata hivyo wakuu wa Australia walimruhusu kufanya utafiti katika Papua, na hata wakamsaidia kwa fedha. Alianza Mailu, kisha akaenda katika visiwa vya Trobriand, alikokaa kwa vipindi viwili kati ya mwaka 1915 na 1918.

Huko ndiko alikojifunza somo lililotawala maisha yake yaliyosalia. Mwanzoni aliandika maelezo ya wenyeji katika tafsiri ya Kiingereza. Punde akatambua kwamba tafsiri ilikuwa ikiyachuja maneno na kuacha makapi; kile hasa kilichokuwa na ladha kilimwagika njiani. Akaanza kunukuu vifungu katika Kikiriwina chenyewe, na hatimaye akawa anaandika shajara zake za utafiti kwa lugha hiyo moja kwa moja, kwa kasi ya mazungumzo. Mwaka 1920 alichapisha makala juu ya viambishi ainishi vya Kikiriwina, ambavyo hujitokeza katika nambari, vionyeshi na vivumishi kulingana na aina ya kitu kinachotajwa: wanaume kwa namna yao, wanawake na wanyama kwa namna nyingine, miti na vitu virefu kwa namna nyingine tena. Mwanafunzi aliyekesha na ngeli za Kiswahili ataona kwamba Mpolandi huyu alikuwa amefika katika ua jirani.

Katikati ya vipindi hivyo viwili vya utafiti, Malinowski alikaa Melbourne, na huko akafahamiana na Elsie Masson. Elsie alizaliwa mwaka 1890, binti wa profesa wa kemia, David Orme Masson. Hakuwa msichana wa kungoja kuonyeshwa njia. Alikuwa ameishi Darwin, kaskazini mwa Australia, na kutokana na safari hiyo akaandika kitabu, An Untamed Territory, kilichochapishwa mwaka 1915. Wakati wa vita alijifunza uuguzi katika hospitali ya Melbourne na akatetea hali bora za kazi kwa wauguzi wenzake. Kwa ufupi, alipokutana na Malinowski alikuwa mwandishi aliyekwisha kuchapishwa, na Kiingereza kilikuwa lugha yake ya kuzaliwa.

Uhusiano wao ulianza kwa karatasi. Alimsaidia Malinowski kupanga na kusahihisha maandishi yaliyotokana na safari yake ya kwanza ya Kiriwina, wakajadili hoja, na mapenzi yakaota katikati ya kurasa. Malinowski aliporudi visiwani waliandikiana barua kwa wingi. Walifunga ndoa mwezi Machi mwaka 1919.

Miaka ya 1920 na 1921 waliishi Tenerife katika visiwa vya Kanari, na huko ndiko kulikoandikwa Argonauts of the Western Pacific. Elsie alisoma rasimu, akasahihisha lugha, akahoji kila mahali palipomtatiza. Mtu asiyewahi kuhariri kazi ya kitaaluma anaweza kufikiri kwamba hiyo ni kazi ya kuweka nukta na mkato. La hasha. Mhariri mzuri ni msomaji wa kwanza asiyeona haya kukiri kwamba hakuelewa. Humlazimisha mwandishi kurudi katika lile alilokusudia, na mara nyingi mwandishi hugundua kwamba hata yeye hakuwa amelijua barabara. Kitabu kilitoka mwaka 1922 kikiwa na dibaji ya Frazer, na Malinowski akakitabaruku kwa mwalimu wake Seligman. Wasomaji wa Kiingereza walistaajabia ufasaha wa mgeni huyu, wengine wakamlinganisha na Mpolandi mwenzake aliyehamia Kiingereza, Joseph Conrad, ulinganisho ambao Malinowski mwenyewe hakuuchukia. Lakini Conrad naye alikuwa na marafiki Waingereza waliomsomea miswada. Ufasaha wa mgeni aghalabu huwa na nyumba nzima nyuma yake.

Mwaka huo huo wa 1922 chuo cha Kraków kilimpa nafasi ya kuwa profesa. Alikataa. Uamuzi huo ulikuwa na bei. Aliyekuwa na uwezo wa kuijenga anthropolojia katika Kipolandi aliamua kujenga katika Kiingereza, na mijadala ya Kiswahili kuhusu lugha ya usomi ingemhukumu kwa ukali kama ingemjua zaidi. Kwa upande mwingine, kama angerudi, semina ambayo imebadilisha maandishi ya kitaaluma kuhusu Afrika isingekuwapo.

Semina hiyo ilianza baada ya Malinowski kuajiriwa kwa kudumu katika Chuo cha Uchumi na Siasa. Mwaka 1927 akawa profesa. Ilifanyika alasiri za Alhamisi. Mwanafunzi alisoma rasimu ya sura au makala, na Malinowski hakungoja amalize. Alimkatiza akitaka aeleze tatizo lenyewe ni lipi, jambo hilo lilitendeka wapi, nani alikuwapo, neno hilo la jumla lilikuwa linaficha tukio gani. Waliokaa kimya pembeni hawakusalimika. Aliwageukia na kuwataka watoe maoni. Alipenda majedwali makubwa yaliyoonyesha jinsi ardhi inavyoungana na ukoo, ukoo na ndoa, ndoa na chakula, na akawataka wanafunzi wachore yao kabla ya kuandika. Hali kadhalika alizileta sura za vitabu vyake mwenyewe mbele ya semina zichambuliwe.

Chumbani humo lugha za kwanza zilikuwa nyingi. Raymond Firth alitoka Nyuzilandi, Isaac Schapera na Meyer Fortes Afrika Kusini, S. F. Nadel Austria. Z. K. Matthews, Mwafrika aliyekuwa amesoma Yale, alihudhuria katikati ya miaka ya 1930. Siku za likizo baadhi ya wanafunzi, akina Firth na Audrey Richards, walimfuata Oberbozen, katika milima ya Tyrol ya Kusini nchini Italia, alikokuwa na nyumba. Huko masomo yaliendelea kwa matembezi na kwa kusomeana sura, na Elsie alikuwa mwenyeji wao, mama wa mabinti watatu na msomaji wa miswada kwa wakati mmoja.

Miongoni mwa waliopitia mikononi mwake, Fei Xiaotong wa Uchina anastahili kutajwa kwa kituo. Fei alifika London mwaka 1936 akiwa amebeba huzuni na daftari. Mwaka mmoja kabla, yeye na mkewe Wang Tonghui walikuwa wakifanya utafiti katika milima ya Guangxi. Fei akajeruhiwa, na mkewe akafa alipokwenda kumtafutia msaada. Akiwa katika kupona, Fei alikusanya data katika kijiji kimoja cha mkoa wa Jiangsu, pasipo mpango wa kuandika tasnifu. Malinowski alipozisikia habari za kijiji hicho aliona kuwa humo mna kitabu. Alimchukua Fei chini ya uangalizi wake, na tasnifu ikakamilika mwaka 1938. Mwaka uliofuata ilichapishwa kwa jina Peasant Life in China, na Malinowski akaandika dibaji iliyosifu ukweli kwamba mtafiti alikuwa akiwatafiti watu wake mwenyewe. Fei alirudi nyumbani na kuendelea kuandika kwa Kichina, na akaishi hadi mwaka 2005. Msomi aliyenolewa katika lugha ya kigeni si lazima abaki humo.

Kisha yupo Kenyatta. Wakenya wengi hukijua kitabu chake, Facing Mount Kenya, na wengine wamekisoma katika tafsiri ya Kiswahili, Naushangilia Mlima wa Kenya, lakini ni wachache wanaokiona kama zao la semina. Kenyatta hakufika London akiwa mbumbumbu wa kalamu. Mwaka 1928 alikuwa mhariri wa Mũigwithania, gazeti la lugha ya Gĩkũyũ. Miaka ya 1930 alifanya kazi katika idara ya fonetiki ya chuo kingine cha London, ambako sauti yake ilikuwa msingi wa utafiti wa Lilias Armstrong kuhusu toni za Gĩkũyũ, uliochapishwa mwaka 1940 baada ya kifo cha mtafiti huyo. Hapo alikuwa mtoa data. Katika semina ya Malinowski akawa mwandishi. Umbali kati ya viti hivyo viwili ni mkubwa kuliko umbali wa majengo yenyewe.

Sura za kitabu zilisomwa kwanza kama makala mbele ya wanasemina. Mabishano hayakukosekana. Husimuliwa kwamba siku moja Kenyatta na Louis Leakey, mwana wa wamisionari aliyezaliwa Kabete na aliyeijua Gĩkũyũ tangu utoto, walizozana juu ya suala la tohara ya wanawake hadi wakaanza kurushiana maneno kwa Gĩkũyũ, huku wenzao wakibaki kuwatazama. Katika kuunyoosha mswada Kenyatta alisaidiwa na Dinah Stock, Mwingereza mpinga ukoloni. Kwa mara nyingine tena mwanamke ameketi kwenye meza ya uhariri na jina la mwanamume limo jaladani.

Kitabu kilitoka mwaka 1938. Dibaji aliyoiandika Malinowski inafaa kusomwa na kila mwalimu anayesimamia tasnifu, kwa sababu haikuwa ya sifa tupu. Alimpongeza mwandishi kwa kutoa mchango wa kwanza wa aina yake kutoka kwa Mwafrika. Papo hapo akamkosoa hadharani: katika baadhi ya kurasa, alisema, mwandishi ameelemea mno ulinganisho na Ulaya, akipambanisha ujamaa wa Mwafrika na ubinafsi wa Mzungu, na ametumia bila haja istilahi za Kizungu kama kanisa, dola na mfumo wa sheria, ambazo huburuta maana zisizotakikana. Ni ukosoaji wa mtu aliyejifunza Kiriwina kwamba neno la kuazima halisafiri peke yake.

Lakini haki ina pande mbili. Kenyatta alikuwa akiwaandikia watawala waliodai kwamba Agĩkũyũ hawakuwa na sheria wala serikali wala umiliki wa ardhi. Kumwambia asitumie maneno hayo ni kumvua silaha katikati ya uwanja. Malinowski aliona tatizo la kimaelezo. Kenyatta aliona shauri la mashamba. Inaelekea kila mmoja alikuwa na hoja, na ni vyema kwamba mhariri alitoa maoni yake katika dibaji akaacha matini ya mwandishi isimame ilivyo. Matini yenyewe inadhihirisha kwamba Kenyatta alijua alipotaka kukataa: maneno kama gĩthaka na irua aliyaacha katika lugha yake, na mwanzoni mwa kitabu akasisitiza kwamba tahajia waliyoizoea Wazungu, Kikuyu, si sahihi. Huyo si mwanafunzi aliyemezwa na mwalimu wake.

Malinowski mwenyewe aliiona Afrika mwaka 1934. Alianzia kusini, akapita kwa wanafunzi wake waliokuwa nyanjani Swaziland na miongoni mwa Wabemba, kisha akafika Tanganyika na Kenya. Safari ilikuwa fupi, naye hakuwahi kuitafiti Afrika kama alivyoitafiti Trobriand. Wala isifichwe kwamba fedha zilizowapeleka wanafunzi wake Afrika zilitoka sana katika mfuko wa Rockefeller wa Marekani, na kwamba yeye mwenyewe alihubiri anthropolojia itakayowafaa watawala wa makoloni. Alikuwa mwepesi wa hasira pia, aligombana na wanafunzi wake hodari, E. E. Evans-Pritchard akiwa mmoja wao, na hakupenda kusahauliwa.

Mwaka 1935 ulimletea kitabu na msiba. Kitabu ni Coral Gardens and Their Magic, chenye juzuu mbili. Juzuu ya pili ni hazina kwa mwanafunzi wa tafsiri. Malinowski aliweka tungo za uganga wa mashamba katika Kikiriwina, akatoa tafsiri ya neno kwa neno chini yake, kisha tafsiri huru, kisha ufafanuzi mrefu wa mahali, wakati na mtendaji. Tungo nyingi alipewa na Bagido'u, mganga wa mashamba wa Omarakana, ambaye ametajwa kwa jina katika kitabu chote. Kutajwa ni jambo jema. Hata hivyo Bagido'u hakuletewa rasimu aisome na kuihoji kama alivyofanya Elsie, na hilo ni pengo ambalo hakuna jedwali la Malinowski lililoliziba.

Msiba ni kifo cha Elsie. Kwa miaka kadhaa alikuwa akiugua ugonjwa wa mishipa ya fahamu uliomnyang'anya miguu na kumweka katika kiti cha magurudumu. Alifariki Natters, Austria, mwezi Septemba mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 44. Tangu kitabu chake cha mwaka 1915, hakikutoka kingine kikubwa chenye jina lake. Kuanzia ndoa yake, kipawa chake cha lugha kilikwenda katika vitabu vya mumewe, katika malezi na katika kuwapokea wanafunzi. Hakuna anayeweza kupima ni sentensi ngapi za Argonauts zimesimama kwa sababu yake. Ni kweli kwamba fikra zilikuwa za Malinowski. Ni kweli vilevile kwamba baada ya kuolewa Elsie hakupata mhariri wa kumsomea yeye.

Mwaka 1938 Malinowski alikwenda Marekani kwa likizo ya kitaaluma. Vita Vikuu vya Pili vikamzuia huko kama vya Kwanza vilivyomzuia Australia. Alifundisha Yale, akamwoa mchoraji Valetta Swann mwaka 1940, na akafanya utafiti wa masoko ya Oaxaca, Meksiko, pamoja na Julio de la Fuente. Poland ilikuwa imekaliwa na Wajerumani, na wanazuoni wake walikuwa wametawanyika au kuuawa. Waliofika Marekani waliunda taasisi ya sayansi na sanaa ya Poland mjini New York ili usomi wa taifa lao usife, na wakamchagua Malinowski kuwa rais wake wa kwanza. Mtu aliyekataa kiti cha Kraków miaka 20 nyuma aliifungua taasisi hiyo kwa hotuba tarehe 15 Mei 1942. Kesho yake, tarehe 16, akafariki ghafla nyumbani kwake New Haven kwa ugonjwa wa moyo. Alikuwa na umri wa miaka 58.

Aliacha miswada mingi isiyokamilika, na kwa hiyo hata kaburini alihitaji wahariri. Phyllis Kaberry, aliyekuwa mwanafunzi wake, alichambua karatasi zake kuhusu mabadiliko ya utamaduni barani Afrika na kuzitoa kama kitabu mwaka 1945. Vitabu vingine vilipangwa na watu wengine. Mwaka 1967 ikachapishwa shajara yake ya siri ya Papua na Trobriand, iliyokutwa ofisini mwake baada ya kifo chake. Shajara hiyo aliiandika kwa Kipolandi, akichopeka humo maneno ya Kiingereza, Kijerumani na Kikiriwina. Ilizua kelele kubwa kwa sababu mna maneno ya dharau juu ya wenyeji aliowasifu vitabuni. Kwa hakika mna pia upweke, maradhi, na kilio cha mwana aliyepata habari ya kifo cha mama yake miezi mingi baada ya mama huyo kuzikwa. Hayo yote hayakupitia kwa Elsie wala kwa semina. Ndiyo maandishi yake pekee yenye urefu wa kitabu ambayo hakuna aliyeyahariri akiwa hai.

Mwaka 1995 binti yao wa mwisho, Helena Wayne, alizitoa barua za wazazi wake katika juzuu mbili, The Story of a Marriage. Humo Elsie anaonekana akiandika kwa niaba yake mwenyewe, juu ya wodi za hospitali, siasa za Australia, watoto na kurasa za mumewe. Jina lake kamili, Elsie Masson, limo jaladani pamoja na la Bronisław Malinowski.